Pazia Katikati ya Meza

Ndugu zangu wa Singida nikiwaambia kwamba chakula kitamu kuliko vyote nilivyowahi kula nimekila Tukuyu, wanaitikia kwa adabu tu. Wanajua huku kuna ndizi, maziwa na maparachichi ya kumwaga. Nikiongeza kwamba chakula chenyewe ni cha Meksiko, na kinapikwa na Mmeksiko mwenyewe, wanaanza kutazamana. Dada yangu mkubwa aliwahi kuniuliza kama baridi ya huku haijanipanda kichwani. Nikimalizia kwamba nimekila na baba mkwe wangu, Mnyakyusa wa Nkunga, meza moja na sahani moja, hapo waliohudhuria harusi yangu wanacheka kabisa. Wanasema leo mwalimu kaamua kutupiga kamba.

Sipigi kamba. Ngoja nieleze, na anayetaka kubisha abishe nikishamaliza.

Kwenye ukoo wa mume wangu, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Wanaheshimiana sana, hiyo haina ubishi, na heshima yenyewe ndiyo hiyo: asikutazame usoni, usimtazame usoni, msiongee moja kwa moja, na mkipishana njiani mmoja ajitose kwenye majani. Wanyakyusa wengi wa siku hizi, hasa wa mjini, wameshauacha mwiko huu. Mchungaji wetu anakula na wakamwana zake mchana kweupe. Lakini mzee wangu, aa, huyo hakutaka kusikia. Siku ya harusi yangu alikaa benchi la mbele akatazama dirishani ibada nzima, utadhani mhubiri yuko nje. Picha ya harusi ilipotundikwa sebuleni kwake, alihamisha kiti akakipa ukuta ule mgongo.

Mimi nililelewa na bibi baada ya baba kufariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nilipoolewa nilikuwa nimejiandalia kabisa kupata baba. Nikapata kikohozi nyuma ya mlango. Nilikasirika, nikazoea, nikakasirika tena. Kilichoniliwaza ni mama mkwe. Nikienda Nkunga napita njia ya nyuma, katikati ya migomba, na yeye anakuja kunipokea kwa vicheko, ananivuta hadi jikoni, tunapika na kupiga soga mpaka jioni. Mzee tunamsikia tu uani akigombana na ng'ombe.

Mama mkwe akafariki. Aliugua muda mfupi, akaenda. Sitaki kulisimulia hilo, bado linaniuma.

Baada ya matanga familia ikaamua mzee asiachwe peke yake Nkunga. Wifi yangu alikuwa ametoka kujifungua huko Mbeya. Mume wangu ni dereva wa malori ya nje, leo yuko Tunduma, kesho Kongo. Kwa hiyo mzee akaletwa kwetu Bulyaga, hapa Tukuyu mjini, kwenye nyumba ambayo kwa siku nyingi za mwezi mtu anayeishi humo ni mimi peke yangu. Mtu mmoja asiyeruhusiwa kumwona, kumwangalia wala kuongea naye! Nilimwuliza mume wangu, "Sasa nitamtunzaje?" Akajibu, "Utaweza tu, mke wangu, wewe ni mwalimu." Wanaume bwana.

Tukajipangia. Asubuhi, kabla sijaenda shule, naweka uji na maji ya kuoga mlangoni kwake, nagonga mara moja, nakimbilia jikoni. Mchana hivyo hivyo. Akitoka kuota jua, anakohoa kwanza, mimi napotea. Na kwa kuwa lazima watu waongee, tukamtumia paka. Tulikuwa na paka mmoja wa madoa, mvivu wa kutupwa, hajawahi kukamata hata mende. Kazi yake ikawa ukalimani.

"Paka," mzee anasema kutoka chumbani, "mwambie mwenye nyumba uji una sukali nyingi." Herufi r kwake haikuwa na kazi.

"Paka," namjibu kutoka jikoni, "mwambie baba nimeweka kijiko kimoja tu. Kama hataki uji aseme anataka nini, apikiwe."

"Paka, mwambie sitaki kitu."

Na kweli hakutaka kitu. Hapo ndipo tabu ilipoanzia. Nilipika ndizi kwa nyama, nikapika kande, nikapika magimbi, nikaagiza samaki wa Kyela, nikachemsha supu ya kuku wa kienyeji yenye mafuta ya kuelea juu. Sahani inaingia imejaa, inatoka imejaa. Kaonja tonge mbili, kafunika vizuri kwa heshima, kasukuma nje. Nilimsikia usiku akijigeuza, kitanda kinalia kidogo tu, na mzee huyu alipokuja kitanda hicho kilikuwa kinapiga kelele. Nilijua anapungua kwa kusikiliza kitanda! Nikampigia mume wangu simu nikamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyegoma kula. Akasema, "Vumilia mama, niko Kasumbalesa, foleni haisogei."

Nikampeleka hospitali. Nasema nikampeleka, lakini tulikwenda kwa bodaboda mbili, yeye mbele, mimi nyuma, na hospitalini tulikaa mabenchi tofauti, tumepeana migongo. Daktari alimpima kila kitu. Kisha akaniita mimi peke yangu, na ninamshukuru kwa kutonizungusha.

"Mwalimu, vipimo ni vizuri," akasema. "Sukari, presha, kifua, hakuna kitu. Tatizo hali chakula. Nimewaona wazee wengi waliofiwa na wake zao wakienda hivi. Akiendelea namna hii, hatazimaliza mvua hizi."

Na ndio kwanza mvua zilikuwa zinaanza. Nilitoka mle nimekaza uso, maana nikilegeza tu nitalia. Nikamwambia mwenye bodaboda amchukue mzee polepole, mimi nafuata.

Hatukufika mbali. Mvua ya Tukuyu mnaijua, na asiyeijua aulize. Ilishuka yote kwa mara moja, bodaboda zetu zikakata kona kila moja kivyake, zikaingia kwenye kibaraza kilekile. Nyumba ya bati la kijani kando ya barabara. Niliipita kila siku nikienda shule, na kwa kuwa nje pamepangwa kreti za maparachichi nilijua ni ghala la wanunuzi wa parachichi. Nikajibanza nyuma ya kreti, mzee akajibanza kwenye nguzo ya upande wa pili, kila mtu anatazama mvua yake.

Ndipo harufu ikatoka ndani. Mahindi yanaungua kidogo kwenye chuma, nyama ya nguruwe iliyoiva kwenye mafuta yake, vitunguu, pilipili, majani ya giligilani yaliyokatwa sasa hivi. Mimi nilisikia njaa mpaka magoti. Na kule kwenye nguzo nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mzee aingie nyumbani kwangu. Tumbo lilinguruma. Mzee akakohoa haraka kulifunika.

"Karibuni, karibuni, mbona mnaloa!" Mwanaume mnene akatokea mlangoni na aproni yake, nywele nyeusi, uso mwekundu kwa moto. Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani huku huku Rungwe, na mapigo ya Kinyakyusa ndani yake. Baadaye ndipo nilijua kwamba alikuja kutoka Meksiko kama fundi wa kubebesha, yaani kuunganisha, miche ya miparachichi, akamwoa binti wa Kiwira, kazi ilipokwisha akagoma kuondoka. Wakafungua mgahawa. Kwenye ubao wa mlangoni, ambao kreti zilikuwa zimeuficha nusu, palikuwa pameandikwa "Chakula cha Meksiko," na chini yake "Chapati za Mahindi." Hizo chapati zina jina lao la kwao, lakini mke alikataa katakata lisiandikwe, maana kwa Kiswahili linataja makalio, na watoto wa shule wangepita wakicheka mchana kutwa. Alisema kama ni kukimbiza wateja, wakimbizwe kwa mambo mengine, si kwa jina.

Yule bwana hakuuliza kitu. Alimwona mzee analowa, akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha. Akarudi, akanishika mkono na mimi, akanikalisha. Meza ileile. Uso kwa uso!

Jamani. Nilijifunika khanga kichwa chote nikageukia ukutani. Mzee naye alijipinda kwenye kiti mpaka nikasikia kiti kinalia. Mwenye mgahawa akasimama katikati yetu, haelewi.

"Mmegombana?" akauliza.

Mzee akalazimika kusema kitu. Akasema, "Wewe bwana, mwambie huyo mama akae kwingine."

"Mwambie mwenyewe," Mmeksiko akasema, "si huyo hapo!"

Nusura nicheke chini ya khanga. Na yule bwana, ili kutupatanisha, maana alishaamua kwamba tuna ugomvi, akaenda jikoni akarudi na sahani. Sahani moja ya udongo, pana, akaitua katikati. Kwao ndugu wakinuniana wanawekewa sahani moja, watanuna mpaka njaa iwashinde. Alitueleza hivyo kwa raha zake zote.

Mkewe ndiye aliyetuokoa. Alitoka jikoni anafuta mikono, akamwona mzee alivyojipinda, akaniona mimi na khanga yangu, akaelewa papo hapo. Binti wa Kiwira angeacha kuelewa? Akampiga mumewe kofi la bega, akamsalimia mzee kwa Kinyakyusa huku kapiga magoti kidogo, akazungumza naye maneno mengi ya haraka. Nilidhani anamhamisha meza. Lakini meza nyingine zilikuwa zimejaa watu waliokimbia mvua. Basi akafungua kamba ya kuanikia, akaifunga kutoka msumari wa dirisha hadi nguzo, juu ya meza yetu, akatundika juu yake kitenge cha picha za jogoo. Kikashuka mpaka mezani. Mzee upande ule, mimi upande huu. Kilichobaki katikati ni sahani, nusu kwake, nusu kwangu, na upindo wa kitenge umelala kwenye maharage.

"Haya," akasema, "sasa hamwonani. Nilete sahani nyingine?"

Nilikuwa nasubiri mzee aseme ndiyo, kisha asukume chakula kama kawaida yake, mvua ikatike twende zetu nikalie nyumbani.

Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma sheria, "Wazee walikataza macho. Mkono hawakuutaja."

Na chini ya pazia mkono wake ukatokea. Sikuwa nimewahi kuuona kwa karibu. Mkono mkubwa uliokwisha nyama, kucha safi. Ukachukua chapati moja kutoka kwenye kitambaa, chapati ndogo nyembamba ya mahindi, bado ya moto, ukachota nyama, ukachota parachichi lililopondwa na vitunguu na ndimu, ukarudi kwake. Nikasikia anatafuna. Nikasikia anameza. Kisha mkono ukatokea tena.

Haki ya Mungu. Mkono ukatokea mara ya tatu.

Chakula chenyewe nikielezeeje? Kila kilichokuwemo mle kinapatikana sokoni kwetu. Mahindi, maharage, nyanya, pilipili, parachichi, kitimoto. Hakuna kitu hata kimoja ambacho sikuwa nimempikia mzee yule jikoni kwangu, ila sikuwa nimevipanga hivyo. Mahindi yanachemshwa kwa chokaa kwanza ndipo yasagwe, kwa hiyo chapati ina harufu ya mvua ya kwanza juu ya udongo. Maharage yamepondwa na kukaangwa hadi yakawa laini. Kitimoto imepikwa polepole hadi inachambuka yenyewe, kando zake zimekauka. Juu yake kachumbari yenye pilipili inayokuja taratibu, unadhani imekusamehe, kumbe ndio inafika. Nilikula nikajisahau. Kuna mahali mikono yetu iligongana kwenye parachichi, wote tukairudisha haraka, halafu nikasikia upande wa pili mzee anacheka kwa puani.

"Pazia," akasema, "mwambie mwenye nyumba asimalize palachichi."

"Pazia," nikasema, "mwambie baba mwenye mkono mkubwa ni yeye."

Sahani ikaisha. Mzee aliifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati. Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika zamani na sisi hatukuwa na habari.

Nikadhani nimepata dawa. Kesho yake nikanunua chokaa safi, nikamwomba yule dada wa Kiwira anifundishe, nikapika chapati zilezile na nyama ileile, nikaweka mlangoni, nikagonga, nikakimbilia jikoni. Sahani ikarudi imejaa. Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama ile sahani, nikasema kwa sauti, "Sasa mzee huyu ananitaka nini?" Na paka hakujibu.

Aliyenijibu ni mume wangu kwenye simu, bila kujua kwamba ananijibu. Nilikuwa namlalamikia, akawa anacheka kwamba baba yake, tangu akiwa kijana, hajawahi kula peke yake. Wanaume wa kijiji chao walikuwa wanakula pamoja, wa rika moja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kukaa hivyo kwa pamoja, kula na kuongea bila haraka, wana neno lake kwa Kinyakyusa, ukwangala. Mtu mzima asiye na watu wa kufanya nao hivyo wanamwonea huruma. Wale wa rika lake walipoanza kufa, mmoja baada ya mwingine, alihamia jikoni kwa mkewe, kimyakimya, wakawa wanakula pamoja kama vijana. Sasa mkewe hayupo. Na mimi namwekea chakula mlangoni, nagonga mara moja, nakimbia.

Nilimkatia mume wangu simu bila kuaga. Nikamwendea paka aliyelala mlangoni kwa mzee.

"Paka," nikasema, "mwambie baba kesho mwenye nyumba anakwenda kula kwa yule Mmeksiko. Hapendi kula peke yake."

Kitanda kikalia.

"Paka," mzee akasema, "mwambie nitavaa koti."

Tukawa tunakwenda. Mwanzo kila Jumamosi, baadaye na Jumatano nikitoka shule. Bodaboda mbili, meza ileile ya dirishani, na yule dada akituona tu anatundika jogoo zake kwenye kamba. Sahani nyingine haikuwahi kuulizwa tena. Mzee alijifunza kukunja chapati bila kudondosha kitu, mimi bado namwaga. Aliipenda supu ya mahindi makubwa na kitimoto kuliko vyote, akawa anaidai. Na aliongea. Kumbe mzee yule ni msemaji! Kupitia kwa pazia alinisimulia habari za ng'ombe aliyekuwa anafungua mlango mwenyewe, za mume wangu alivyoogopa bata hadi darasa la tano, za mkewe alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali. Siku zingine aliacha kusema "Pazia, mwambie" katikati ya hadithi, akasahau kabisa, na mimi nikajibu moja kwa moja, na hakuna aliyekufa.

Watu walisema, watu gani hawasemi? Mama mmoja wa kanisani alinisimamisha akaniambia, "Mwalimu, nasikia unakula na mkweo, sahani moja." Nikamwambia ndiyo, na tunaongeza pilipili. Mzee alipofikishiwa maneno hayo alikasirika mpaka akaagiza chapati za kubeba.

Nyumbani tukajipanga upya. Nilihamishia kiti changu nje ya mlango wake, mlango unaachwa wazi kidogo, sahani inakaa kizingitini. Sahani zikaanza kurudi tupu. Kitanda kikaanza kupiga kelele tena usiku, na nilikuwa nalala nikiusikia ule mlio nikimshukuru Mungu kwa kila ubao. Mvua zile za daktari zikapita. Zikaisha kabisa, ukaja ukungu wa baridi, mzee yupo, anagombana na paka.

Nawashukuru wengi. Namshukuru daktari kwa kusema ukweli. Namshukuru yule dada na kitenge chake, maana mwingine angetucheka. Lakini zaidi namshukuru yule Mmeksiko asiyejua mila za watu. Angekuwa mtu wa huku angetukalisha vizuri, mzee kona ile, mimi kona hii, kila mtu na sahani yake, kwa heshima zote, na mzee angekufa.

Ikafika siku mzee akatangaza kwamba anarudi Nkunga. Migomba yake imeingiliwa na majani, ng'ombe wanaharibiwa na mtoto wa jirani, na wawili watatu wa rika dogo kwake wameshamtumia salamu kwamba wanamngoja wale pamoja. Aliniambia kupitia kwa paka. Nilikasirika. Nilibamiza sufuria jikoni nzima, nikamwambia paka amwambie kwamba anaruhusiwa kwenda, kwani nani kamzuia, hata leo aende. Kisha nikaingia chumbani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimepata baba na sikuwa tayari kumrudisha.

Jumamosi kabla ya safari yake tukaenda kuaga. Yule dada alituona, akachukua kitenge, akanyoosha mkono kwenye kamba.

"Acha," mzee akasema.

Dada akasimama na kitenge mkononi. Mimi nilikuwa nimeshakaa. Nikavuta khanga, nikageukia dirishani, kreti zote za parachichi ninaziona na hakuna ninachokiona.

"Mkamwana," mzee akasema. Hakuna paka, hakuna pazia. "Geuka."

"Baba, wazee walikataza."

"Wazee walionikataza wamekufa wote. Nikifika kwao nitajieleza mwenyewe."

Sikuweza kugeuka. Akaendelea taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa anaongea na pazia.

"Ulipokuwa ukija Nkunga, ukishaondoka, mke wangu alikuwa ananikalisha ananisimulia. Leo kasema hivi. Leo kacheka hivi. Leo kavaa gauni la namna hii, kanenepa kidogo, kapungua kidogo. Kila mala. Mimi nimekujua miaka yote kwa mdomo wake. Sasa ule mdomo haupo. Nani ataniambia ulivyo?"

Nikageuka. Nikaishusha khanga.

Macho yalikuwa ya mume wangu, yaleyale, yamewekwa kwenye uso wa mzee. Alinitazama bila haraka, paji, mashavu, kidevu, kama mtu anayehakikisha kitu alichosimuliwa. Mmeksiko alikuwa amesimama na sahani mikononi.

"Alisema una mwanya," mzee akasema.

"Ninao, baba."

"Cheka niuone."

Nilijaribu, machozi yakatangulia. Nikajaribu tena, nikacheka huku nalia, mdomo wazi, pua inachuruzika. Mzee akaegemea mbele, akaangalia, akatikisa kichwa polepole kukubali.

"Ni kweli," akasema. "Hakunidanganya."